Marehemu Anaunga Mkono Hoja

Mke wa Misumari alikuwa amezikwa mvua mbili zilizopita, lakini jambo hilo dogo halikumzuia kuhudhuria vikao vya baraza la mji. Alihudhuria vyote. Alifika kwa wakati, akakaa mpaka mwisho, na kila mara, kwa mujibu wa karani, alishukuru.

Habari hizo zilimfikia mumewe asubuhi ya siku ya mapumziko, akiwa kibandani amepiga magoti mbele ya kochi lililopasuka tumbo, mdomo umejaa misumari midogo. Fundi makochi yeyote huibana misumari kwa meno ili mikono ibaki na nyundo na kitambaa. Lakini huyu aliitwa Misumari kwa sababu hata akiitema yote, maneno yaliyofuata yalichoma vilevile, hasa yakiwaelekea wakubwa. Na yaliwaelekea wakubwa karibu kila siku. Mvua isiponyesha, ni wakubwa. Ikinyesha, mtaro umeziba, ni wakubwa. Gundi ikikataa kushika sponji, basi kuna mkubwa mahali fulani aliyekula cha juu akaruhusu gundi mbovu. Mara nyingi, tusimfiche, alikuwa amepatia.

"Baba," alisema binti yake, ambaye alikuwa ameketi kwenye kigoda cha mama yake, kando ya cherehani iliyofunikwa shuka, kompyuta mapajani. "Tema hiyo misumari kwanza."

"Mmh?"

"Iteme. Nina jambo la kukuonyesha, na sitaki nikupeleke hospitali umemeza chuma."

Hospitalini ndiko binti alikokula mshahara, akitengeneza kompyuta za mapokezi. Lakini roho yake ilikuwa kwenye vijitovuti vya mchezo. Alichukua vitu ambavyo ofisi zenyewe zimevianika mtandaoni kwa kila mtu, matangazo, ratiba, taarifa ambazo hakuna mwenye akili timamu anayezisoma, akavigeuza kuwa kichekesho. Baraza lilipokuwa likitangaza mbuzi wazururaji waliokamatwa, yeye alitengeneza ukurasa wa kuwapigia kura, Mbuzi wa Wiki, na mbuzi walioshinda walikombolewa upesi kwa sababu wenyewe walijisikia fahari. Kisha akatengeneza ukurasa uliowika kama jogoo kila shirika la umeme lilipoandika "hitilafu ya kiufundi". Huo aliuondoa mwenyewe. Majirani walilalamika kwamba jogoo halali.

Misumari hakuwahi kuelewa faida yake. "Nimekusomesha kwa kushona makalio ya makochi ya watu," alikuwa akimwambia, "ili uje upigie mbuzi kura?"

Safari hii ukurasa ulikuwa wa viti. Baraza lilikuwa likiweka kumbukumbu za mikutano ya wananchi kwenye tovuti yake, kwa sababu wafadhili walitaka uwazi, na kwa sababu Mwenyekiti aliamini kwamba ukitaka kuficha kitu kwa binadamu, kiandike kwenye kumbukumbu za mkutano. Binti aliandika programu ikazisoma zote. Kila mwananchi aliyetajwa alichorewa kiti, na kwa kila mkutano aliohudhuria kiti chake kiliongezewa mto. Ukikigusa, kinakuambia mwenyewe alisema nini.

"Watu wengi wana mto mmoja au miwili," binti alisema. "Lakini kuna viti mito yake imegonga dari. Nikadhani nimekosea programu. Hebu soma jina hapa."

Misumari alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Shule aliiacha darasa la nne, madawati yalipoisha, na msomaji ameshajua ni nani aliyeyala madawati. Jina la kwanza alilisoma. La pili. La tatu lilikuwa lake mwenyewe, alilompa mkewe siku ya ndoa.

Akakaa chini juu ya sponji.

"Anahudhuria?"

"Ndivyo walivyoandika, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu tumzike, hajakosa hata kimoja."

Misumari alitafakari. "Yaani mwanamke anatoka kule kote, anapita barabara ileile, anakwenda kukaa na Mwenyekiti, halafu kwangu hapiti hata kunijulia hali?"

"Baba, jamani!"

"Nauliza tu. Mimi si mumewe?"

Binti alicheka mpaka akajifunika mdomo kwa mkono, kisha mkono ukapanda ukafunika na macho. Misumari akajitia anaikagua nyundo mpaka mwenzake alipomaliza.

"Na amesema nini huko?" aliuliza.

"'Alilishukuru baraza kwa uongozi wenye maono.'"

"Nani? Mama yako?"

Kwa uhai wake wote Mama Cherehani, kama mtaa ulivyomwita, alihudhuria mkutano mmoja tu. Ulikuwa wa mtaro. Alisimama akamwambia Mwenyekiti kwamba mtaro una akili kuliko yeye, maana mtaro ukishiba hutapika. Akatoka huku akipigiwa makofi, jina lake likabaki kwenye orodha ya waliohudhuria. Na tangu hapo karani hakujisumbua kuita majina tena. Kila mkutano alinakili orodha ileile ya siku ya mtaro, juu yake akaandika "Mahudhurio kama kikao kilichopita", Mwenyekiti akaithibitisha kwa kugonga meza, na chai na vitafunwa vikalipiwa kwa idadi hiyo. Kuingia kwenye makaratasi ya wakubwa ni rahisi. Kutoka, hata kifo hakikusaidii.

"Soma la mwisho," Misumari alisema.

Binti alisita. "Kikao kilichopita. 'Aliunga mkono hoja ya kuondoa vibanda vya mafundi nyuma ya posta ya zamani, ili kupisha maegesho ya magari.'"

Misumari aliinua macho akalitazama bati. Bati lile alilinunua mkewe, kwa ujira wa magauni ya harusi ya watu. Nguzo alizichagua mkewe, tena baada ya kumkatalia muuza mbao mara tatu. Kushoto cherehani, kulia makochi, katikati maneno ya mchana kutwa. Nyumbani walilala tu. Hapa ndipo walipoishi. Na sasa mwenye kibanda, kutoka ndani ya kaburi lake, alikuwa ameomba kivunjwe.

Sheria ilitaka hoja kama hiyo ipite kwenye mikutano mitatu ya wananchi. Miwili ilikuwa imeshapita. Wa tatu ulitangazwa wiki inayofuata.

"Andika," Misumari alisema. "Andika hapo kwenye hicho kiti: Mwenyekiti ni mwizi, mtoto wa mwizi, na mbuzi wa wiki ana haya kuliko yeye."

"Siandiki."

"Kwa nini? Si ukurasa wako?"

"Ni wangu, ndiyo maana. Sijaweka neno langu hata moja pale. Yote wameandika wao, mimi nimechora viti tu. Nikitia tusi moja, wataniita mtukanaji, watalijibu tusi, na habari ya mama itaishia hapo. Maneno yao wenyewe watayajibu vipi?"

"Kwa hiyo nikae nitazame katuni?"

"Ndiyo, baba. Kaa utazame."

Alimwita mtoto asiye na damu. Binti akamjibu kwamba damu anayo ila haichemkii mdomoni. Kwa muda hawakusemezana, ikabaki kelele ya nyundo peke yake, nayo ilipigwa kwa nguvu kuliko kochi lilivyohitaji.

Ukurasa uliachwa ulivyo, ukafanya kazi yake. Kwanza uliingia kwa Kinyozi, kibanda cha pili, ambaye aliandika jina lake kwa mzaha na akakuta kiti chenye mito ya kutosha kulala familia nzima.

"Jamani, mimi mwanaharakati!" alipiga kelele, wembe ungali shingoni mwa mteja. "Nimesifu mradi wa taka! Nimesifu taa za barabarani! Taa zipi? Fundi Saa, njoo uone, wewe umeomba Mwenyekiti aongezewe muda!"

Fundi Saa alikuja na lenzi yake jichoni, mtu mzima mpole ambaye hakuwahi kumwomba mtu yeyote aongezewe muda, hata wateja. Akaandika jina lake. Kisha, kwa sauti ya chini, akaomba aandikiwe na la marehemu baba yake. Mzee naye alikuwepo. Alikuwa amechangia hoja kuhusu vijana na michezo.

"Baba alikuwa hasikii," Fundi Saa alisema. "Alisikiaje hoja?"

"Kule wanasikia vizuri," alijibu Kinyozi. "Hakuna kelele."

Baada ya hapo mji mzima ulikuwa ukitafuta viti. Watu walimtafuta shangazi aliyehamia mbali, mjomba aliyefungwa, jirani aliyezikwa. Yupo! Naye yupo! Walitumiana picha za mito. Kijana mmoja aliyezaliwa baada ya mkutano wa mtaro alilalamika kwamba yeye peke yake hana kiti, na akataka kujua afe lini ili apate.

Karani alifika kibandani mchana, jua likiwa kali, shati limemganda mgongoni. Alikuwa mtu mwembamba mwenye adabu nyingi, ile adabu ya anayejua amefanya nini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo hujaja na mke wangu?"

Karani alilibandua shati mgongoni. "Mzee, nimekuja kistaarabu. Zile data ni za umma, hilo hatukatai. Ila hazikuwekwa ili umma uzichezee."

"Ziliwekwa zifanye nini?"

"Ziwepo."

"Basi zipo."

"Mwenyekiti anasema tunaweza kumtoa mama. Yeye peke yake, kimya kimya, apumzike. Binti afute ukurasa. Halafu viti vya ukumbi wa baraza vimechakaa, vinahitaji fundi. Kazi ya miezi, mzee."

Misumari aliacha kupiga nyundo. Viti vya ukumbi vilikuwa vingi, na kochi lililokuwa mbele yake lilikuwa la pekee alilopata tangu mwezi uanze. Alimtazama karani kwa kitambo, na karani akaanza kutabasamu.

"Hivyo viti nitavishonea wapi?" Misumari aliuliza. "Kwenye maegesho? Nisubiri gari litoke nitandike kitambaa?"

Tabasamu likarudi lilikotoka.

"Mwambie Mwenyekiti mke wangu hatolewi kimya kimya. Hakuingia kimya kimya."

Jioni binti alipotoka kazini alikuta mafundi wote wamekusanyika, wengine wamekalia sponji, wanapanga vita. Hoja ya Kinyozi ilikuwa waende mkutanoni wote, wajaze ukumbi, wakatae. Watu walishangilia. Binti hakushangilia. Alifungua kompyuta akaandika neno, akasubiri, akaandika jingine.

"Nini?" Misumari alimuuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza kwake tangu ugomvi.

"Natafuta 'walikataa'. Kwenye kumbukumbu zote za miaka yote. Halipo."

"Halipo vipi?"

"Halipo hata mara moja. Natafuta 'walipinga'. Halipo. 'Waliafiki kwa kauli moja', hilo limejaa kama mchwa. Mkiingia pale mkapiga kelele mpaka koo zikauke, mtaandikwa mmeafiki. Na mtakuwa mmewatimizia akidi, safari hii kwa watu wa kweli."

Kinyozi, aliyekuwa amesimama, alirudi kukaa kwenye sponji.

"Akidi ni watu wangapi?" aliuliza Fundi Saa.

"Mia. Pungufu ya hapo hakuna mkutano."

"Na wao bila wafu wanao wangapi?"

Binti alicheka. "Hesabuni kiti kimoja kimoja, wazee. Si ndiyo maana nilivichora?"

Siku ya mkutano mji ulitoka kama siku ya mechi. Barabara ya kwenda ukumbini ilijaa, uwanja wa mbele ukajaa, madirisha yote yakajaa vichwa, mikono na watoto waliobebwa mabegani. Ila hakuna aliyevuka kizingiti. Ndani walikuwa Mwenyekiti, karani, mwanasheria wa baraza (mwanamke kijana mwenye miwani aliyeajiriwa juzijuzi na bado aliamini sheria), wajumbe wachache waliosinzia, na Misumari. Misumari aliingia kwa sababu lazima mmoja aingie, na kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia asiingie. Alikaa mbele kabisa. Kiti kilikuwa kimelegea springi, akakidharau kimoyomoyo.

"Karibuni ndani, wananchi wangu," Mwenyekiti aliita, mikono ameipanua. "Viti vipo vingi!"

"Tumeshakaa, mheshimiwa!" Kinyozi alijibu dirishani. "Mimi niko kwenye mto wa kumi!"

Vicheko viliuzunguka ukumbi mzima, dirisha hadi dirisha. Mwenyekiti aliguna, akamgeukia karani kwa kichwa. Karani akasimama, akasoma harakaharaka kama mtu anayemeza dawa chungu:

"Mahudhurio kama kikao kilichopita."

Mkono wa Mwenyekiti ulikuwa tayari hewani ili ugonge meza.

"Yasomwe," Misumari alisema.

Usiku kucha alikuwa amejipikia hotuba, ya kutosha kuwafikia wakubwa wote tangu yule aliyekula madawati. Matusi yalikuwa yamepangwa mdomoni kwa saizi, yakimwasha ulimi. Binti yake alikuwa dirisha la kwanza, anamtazama tu, haombi kitu. Misumari aliyameza, na msomaji asidhani ilikuwa rahisi.

"Majina yasomwe, moja moja. Aliyepo aitike."

"Mzee, tutapoteza muda wa wananchi," Mwenyekiti alisema.

"Muda tunao!" dirisha likajibu. "Wengine tuna milele!"

Mwanasheria alirekebisha miwani. "Mheshimiwa, mwananchi akitaka yasomwe, kanuni inasema yasomwe."

Karani akasoma. Jina la kwanza, kimya, kisha sauti ya mwanamke toka nje: "Amehama!" La pili: "Yuko ndani, miaka saba!" La tatu: "Tulimzika kiangazi!" Kila jibu lilikuja na kicheko chake, na kila kicheko kilimshusha Mwenyekiti kidogo kitini. Jina la baba yake Fundi Saa liliposomwa, Fundi Saa alivua lenzi na kusema, "Hasikii, na amefariki." Nalo likachekwa, kwa upole.

Kisha karani akafika kwenye majina matatu ya Mama Cherehani, ambayo sauti yake ilitaka kuyaruka. Aliyasoma. Watu wa madirishani walinyamaza, kwa sababu mtaa ulikuwa unajua. Tangu siku ya msiba Misumari alikuwa akisema "yule mwenzangu", alikuwa akisema "hayupo kwa sasa", na mteja aliyeulizia nguo alizoacha alijibiwa kwamba mama katoka. Neno lenyewe hakuna aliyewahi kulisikia kinywani mwake.

Mwenyekiti, ambaye hakuwa mjinga, aliona upenyo. "Mzee, kama kuna utata, tunaweza kumwacha tu. Kwa heshima. Aendelee kuwepo."

Na hapo, kwa muda mfupi wa aibu, Misumari alitamani. Kiti kile chenye mito kiliendelea kukua. Mahali pengine popote duniani mkewe alikuwa amekoma, na hapa, kwenye uongo wa karani mmoja, alikuwa bado anafika kwa wakati. Akalitazama bati lao akilini, na cherehani chini yake.

"Amekufa," alisema.

Sauti yake ilitoka ndogo. Akairudia, safari hii ikatoka kama nyundo. "Amekufa, mheshimiwa. Na angekuwa hai asingekushukuru."

Madirisha hayakucheka. Mtu mmoja alipiga kofi, akaacha.

Karani aliendelea hadi mwisho wa karatasi, na mwanasheria akahesabu kwa kidole waliokuwa ndani, pamoja na waliosinzia. Hawakufika hata ishirini.

"Akidi haipo," alisema. "Na kama haya ndiyo yalikuwa mahudhurio ya vikao viwili vilivyopita, mheshimiwa, navyo havikuwa vikao. Hoja ya vibanda haipo. Mkitaka, mtaianza upya, na watu wenye kupumua."

"Tutumie busara," Mwenyekiti alisema, akijipangusa shingo.

"Busara haimo kwenye kanuni, mheshimiwa. Nimeitafuta."

Nje ulilipuka mlio ambao haukuwa wimbo wala ugomvi, na mafundi walimbeba Kinyozi juu kwa sababu Misumari alikuwa bado ndani. Alikuwa ameinuka taratibu, magoti yakimlalamikia, akaelekea mlangoni ambako binti yake alikuwa ameshafika, amesimama upande wa nje wa kizingiti, kwa tahadhari ya akidi.

"Umesema vizuri, baba."

"Nimesema kidogo."

"Ndiyo maana."

"Kile kiti chake utakiondoa?"

Binti alifikiri. "Mito nitaiondoa. Nitamwachia ule mmoja, wa mtaro. Ule aliukalia kweli."

Misumari alitikisa kichwa kukubali, akapenga kamasi kwa kishindo kisichokuwa na haya. Ndipo aliposikia viatu vikimkimbilia nyuma. Karani, jasho likimtiririka, karatasi mpya mkononi, juu yake jina moja tu.

"Mzee, tafadhali, saini hapa. Mahudhurio. Mwanasheria anataka saini kwa kila aliyeingia, kuanzia leo."

Misumari aliitazama kalamu, akamtazama mwenye kalamu.

"Kwa nini? Wenzangu mliwaandika miaka yote bila kuwaomba saini."

"Wale hawakuwepo, mzee."

"Basi ngoja na mimi nife," Misumari alisema, akamshika binti yake mkono wakashuka ngazi, kochi la watu likimngoja.